Kabla ya Turubai: Mwongozo wa Kujenga Jumuiya Inayogawana

Akifa mtu Ilomba, jijini Mbeya, hakuna anayeuliza utaratibu. Ndani ya saa chache turubai limefungwa, viti vimeletwa, kinamama wamegawana masufuria, vijana wamefuata kuni na maji, na kwenye meza ndogo pembeni kuna daftari la rambirambi lenye katibu na mweka hazina wanaohesabu mbele za watu. Msafwa, Mnyakyusa, Mkinga na Mndali, mpangaji na mwenye nyumba, Mkristo na Mwislamu, kila mmoja anajua kazi yake. Mfiwa hapiki, halali peke yake, hakosi chakula mpaka matanga yaishe.

Lakini mara nyingi marehemu huyo aliugua kwa miezi. Katika miezi hiyo nyumba yake ilipitisha siku bila mboga, bila nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa, bila mtu wa kushinda na watoto. Fedha ya sanduku ilipatikana kwa jioni moja. Ya dawa haikuchangwa kabisa.

Mwongozo huu ni wako wewe Mkristo wa kawaida wa Ilomba, Isanga, Uyole, Mafinga au Iringa mjini, unayetaka sehemu ya nguvu ile ya msibani ifanye kazi siku za kawaida, kama ilivyokuwa Yerusalemu siku za mitume. Si lazima uwe mchungaji, katekista wala mzee wa kanisa. Unahitaji nyumba chache zinazokaa karibu, daftari moja, na moyo wa kuanza na kidogo.

KWA NINI KANISA LA KWANZA LILIWEZA

Soma Matendo ya Mitume sura ya pili, ya nne na ya sita kwa pamoja. Wengi wetu tunaishia ya pili, penye kushirikiana mali na kula nyumba kwa nyumba, tukadhani ilikuwa furaha tu iliyojiendesha yenyewe. Sura ya nne inaonyesha utaratibu: fedha ililetwa kwa mitume, ikagawanywa kulingana na shida ya kila mtu, na mtoaji mmoja, Barnaba wa Kipro, anatajwa kwa jina na kwa shamba lake. Sura ya sita inaonyesha utaratibu huo ukivunjika. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa wakati wa kugawa chakula cha kila siku, na ndugu zao wakanung'unika.

Angalia mitume walivyofanya. Hawakuwakemea walionung'unika wala kuwaambia wavumilie. Waliwaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia meza. Majina yote saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa watu waliokuwa karibu na upande uliosahauliwa. Hapa ndipo jumuiya zetu nyingi zinapokwama. Tunampa mfuko mwenye nyumba, mstaafu anayeheshimika, mzee wa kanisa wa miaka mingi, kisha tunashangaa mbona mpangaji wa chumba kimoja haonekani kwenye orodha.

Utaratibu huo haukuishia Yerusalemu. Katikati ya karne ya pili, mwandishi Mkristo Justin anaeleza jinsi Wakristo wa Roma walivyotoa kila Jumapili kwa hiari yao, na kiongozi wa ibada akatumia matoleo hayo kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Karibu na mwaka 197 mwandishi mwingine, Tertullian wa Carthage, anaeleza sanduku la kila mwezi, lililojazwa na wenye kutaka na kuweza, na kutumika kulisha maskini na kuwazika. Na karibu na mwaka 362 Kaisari Julian, ambaye hakuupenda Ukristo hata kidogo, alilalamika kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao pamoja na maskini wa wapagani.

Nyanda za Juu Kusini tunao urithi wa karibu zaidi. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye kumbukumbu ya Herrnhut, kijiji cha wakimbizi wa imani huko Ujerumani. Mwaka 1727 wanakijiji hao walikuwa wamefarakana vibaya. Mwezi Mei waliandika na kukubali kanuni za kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti wakapatana kwenye Meza ya Bwana. Ndipo wakaanza desturi ya kula pamoja mlo mwepesi, karamu ya upendo. Kanuni zilitangulia, furaha ikafuata. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki katika mikutano yao ya 1973 na 1976 waliamua kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Kwa hiyo huanzishi dini mpya. Uwe na jumuiya, ibada ya nyumba kwa nyumba au kanisa la nyumbani, msingi upo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni meza na daftari.

HIARI KWANZA

Kabla ya hatua yoyote, neno hili lisemwe waziwazi kwa kila nyumba: kutoa ni hiari. Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuza, na fedha ilikuwa katika uwezo wake baada ya kuuza. Kosa lake lilikuwa uongo. Hakuna aliyemlazimisha kutoa.

Watanzania tunajua gharama ya kulazimisha. Azimio la Arusha la 1967 lilibeba ndoto njema ya watu kufanya kazi na kugawana pamoja, lakini pale amri ilipochukua nafasi ya ridhaa, mambo yaliharibika. Iringa wanakumbuka Isimani, ambako Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa siku ya Krismasi ya 1971 na mkulima, katika mvutano juu ya kilimo cha ujamaa. Ushirika wa amri huzaa chuki hata pale lengo linapokuwa zuri.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi, ya viongozi wanaotumia jina la kanisa la kwanza kuwanyang'anya watu. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia walikufa katika kundi ambalo waumini wake walikuwa wameuza mali na kuzikabidhi kwa viongozi. Shakahola, Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioacha kazi, shule na hospitali kwa maelekezo ya mhubiri.

>> ONDOKA, NA UTOE TAARIFA, UKIONA HAYA
- Unaambiwa uuze nyumba au shamba lote na fedha apewe mtu mmoja.
- Unakatazwa kwenda hospitali, kunywa dawa au kupeleka watoto shule.
- Unaambiwa ukate uhusiano na wazazi au ndugu wasio wa kundi.
- Hesabu hazisomwi, na anayeuliza anaitwa mwasi.
Taarifa ipeleke polisi, kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa afisa mtendaji wa kata.

HATUA KWA HATUA

1. Anza na eneo, usianze na marafiki.
Chukua karatasi, chora njia unayokaa, weka alama kwenye kila nyumba ya Mkristo mnayeweza kufikiana kwa miguu usiku. Simama kwenye nyumba kati ya 8 na 15. Zikizidi hapo hutajua nani hajapika leo. Zikipungua sana mzigo utawachosha wachache. Ukianza na marafiki utapata watu wa kipato kimoja, na kugawana kati ya walio sawa hakubadilishi kitu. Eneo litakupa mwalimu, dereva wa bajaji, mama lishe, mjane, na kijana aliyekuja juzi kutoka Rungwe kutafuta maisha. Hesabu nyumba ya wapangaji sita kuwa nyumba sita.

Madhehebu yakichanganyika, ni sawa kabisa. Mmoja ni Moravian, mwingine KKKT, mwingine Katoliki, mwingine TAG. Sadaka na zaka za kila mtu ziende kanisani kwake kama kawaida. Mnachojenga ni ujirani wa Kikristo. Ila mwarifuni kila mchungaji na paroko mapema, wasije wakasikia kutoka pembeni wakadhani mnaanzisha kanisa.

2. Ijue hali ya kila nyumba.
Nendeni wawili wawili, mwanamke na mwanamume au kinamama wawili, msiende kama kamati ya uchunguzi. Kaeni, ombeni, ongeeni. Mnatafuta majibu ya maswali matano:
- Nani wanaishi hapa, na nani analea watoto wasio wake?
- Nani anaugua au hawezi kutembea mbali?
- Kazi ni ipi, na inaisha saa ngapi?
- Ni mwezi gani wa mwaka nyumba hii hubanwa zaidi?
- Nyumba hii inaweza kutoa nini?

Swali la mwisho aulizwe kila mtu bila kuruka. Bibi asiye na shilingi anaweza kushinda na watoto wa mama anayejifungua Hospitali ya Meta. Kijana asiye na kazi anaweza kubeba maji. Fundi anaweza kuziba bati linalovuja. Mtu akiandikwa kwenye daftari kama mpokeaji tu, ataanza kujificha, na baada ya muda hamtamwona kwenye maombi.

Hapa pana jambo la kushika kwa uangalifu mkubwa. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini katika tafiti za kitaifa kwa miaka mingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyumba nyingi hapa kuwa na bibi anayelea wajukuu. Usiulize hali ya mtu. Usikisie kwa kuangalia alivyokonda. Akikuambia mwenyewe, iishie kwako. Haiingii kwenye daftari, haiingii kwenye ombi la hadharani. Andika tu: "nauli ya kliniki kila mwezi." Jirani mzuri wa mgonjwa ni yule anayempeleka kliniki, anayempikia, na anayenyamaza.

3. Anzeni na meza, mfuko utafuata.
Watu ambao hawajala pamoja hugombana haraka wakishika fedha pamoja. Kwa mwezi au miezi miwili ya kwanza msichange kitu, kuleni. Mara moja kila wiki mbili, nyumba moja iwe mwenyeji na kila nyumba ilete ilichonacho: maharage, viazi, ndizi, ugali, chai ya rangi. Wekeni sheria mbili. Ya kwanza, kila kinacholetwa kinapakuliwa pamoja, hakuna sufuria ya mtu. Ya pili, marufuku kununua soda au nyama ili nyumba ionekane. Mwenyeji akishaanza kushindana, maskini hatapokea zamu yake.

Sasa kuhusu saa. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa sababu baadhi yao walikula na kushiba kabla wengine hawajafika, na walioachwa na njaa walikuwa wasio na kitu. Ilomba jambo hilohilo linatokea kimyakimya. Ukipanga saa 10 jioni, umemfungia nje mama wa genge, muuza mitumba wa Mwanjelwa na fundi anayelipwa kwa siku, yaani walewale ambao jumuiya ipo kwa ajili yao. Ndiyo maana mliuliza kazi inaisha saa ngapi. Pangeni kwa kumfuata anayechelewa zaidi: Jumapili jioni sana, au alfajiri ya Jumamosi saa 12 kwa uji na viazi. Juni na Julai baridi ya Mbeya si ya mchezo, kwa hiyo muwe na nyumba yenye nafasi ndani au jiko la mkaa nje penye hewa. Msiliwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake isiyoonekana inaua.

4. Wekeni kapu, kisha mfuko.
Kapu ni la chakula, mfuko ni wa fedha, na kapu litangulie kwa sababu halimwaibishi mtu. Kila nyumba ilete kopo la unga, maharage au mchele siku ya meza. Kanisani tumezoea mazao ya sadaka kupigwa mnada baada ya ibada. Huo uendelee huko. Ya kapu hayauzwi, yanaliwa. Vikavu vikae kwenye ndoo yenye mfuniko kwa mwezi mmoja tu, msije mkamgawia mjane maharage yaliyotobolewa na wadudu. Viazi na ndizi zigawiwe siku hiyohiyo.

Kwa mfuko, fuateni alivyowaagiza Paulo Wakorintho: kila mmoja atenge kitu kila juma, kulingana na alivyofanikiwa. Yaani kiwango kisiwe kimoja kwa wote. Kiasi kidogo cha kila juma kinashinda mchango mkubwa wa mara moja. Nyumba 12 zikitoa wastani wa shilingi 1,000 kwa juma, kwa majuma manne mna 48,000: inatosha nauli za kliniki, sabuni, mafuta ya kula na daftari za shule kwa nyumba mbili au tatu. Tumieni bahasha zisizo na majina au mfuko wa kitambaa unaozungushwa, ili aliyetoa 200 asihesabiwe na aliyetoa 5,000.

Msiruhusu mfuko kunenepa. Mkishaweka akiba ya dharura moja, tuseme gari la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, kinachozidi kitoke mwezi huohuo. Mfuko mnene huvuta wakopaji, na mkopo huleta ugomvi.

5. Chagueni wagawaji.
Watatu wanatosha, na angalau wawili wawe kutoka upande unaosahaulika kwenu: mpangaji, mjane, kijana. Mmoja aandike, mmoja atunze fedha, mmoja apeleke msaada. Anayetunza asiandike, na anayeandika asitunze. Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu hakwenda peke yake. Alifuatana na ndugu walioteuliwa na makanisa, ili mtu asipate nafasi ya kumlaumu. Fuateni desturi hiyo:
- Kila fedha inapohesabiwa, wahesabu wasipungue wawili, mbele ya wote.
- Fedha taslimu ikae kwenye kisanduku cha kufuli tatu, kama vya VICOBA, funguo kwenye nyumba tatu. Mkitumia simu, tafuteni akaunti ya kikundi yenye idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Namba binafsi ya mtu isipokee fedha ya jumuiya, hata awe mwaminifu kiasi gani.
- Jumla ya kuingia na kutoka isomwe kila mwezi. Majina ya waliosaidiwa yasisomwe.
- Baada ya mwaka mmoja wagawaji wapumzike, wengine waingie.

6. Kubalianeni namna ya kuamua.
Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kila nyumba ikiwa imesikia:
a) Chakula na matibabu hayasubiri kikao. Wagawaji wawili wakikubaliana, msaada unatoka siku hiyohiyo.
b) Mambo mengine, kama sare, kodi ya chumba au mtaji mdogo, yasubiri kikao cha mwezi.
c) Ndugu wa damu waulizwe kwanza, kama Timotheo alivyoagizwa kuhusu wajane, lakini wasipojibu mtu asilale njaa tukimsubiri mtoto wake aliyeko Dar es Salaam.
d) Mwenye nguvu asiyetaka kufanya kazi asaidiwe kupata kazi. Aliyekosa kazi si mvivu. Tofautisheni wawili hao kwa kukaa nao, msitegemee uvumi.
e) Jirani asiye Mkristo mwenye shida apate kama wengine.

>> MANENO YA KUSEMA UNAPOPELEKA
Usiseme: "Jumuiya imeona una shida, ikaamua ikusaidie."
Sema: "Shikamoo bibi. Kapu la wiki hii limefika kwako. Na mama Neema anajifungua siku yoyote, tunaomba utusaidie kushinda na yule mtoto wake mkubwa."
Usipeleke mchana barabarani na mfuko wa wazi. Usipige picha. Usitume kwenye kundi la WhatsApp.
Akikataa, usimlazimishe. Kaa, kunywa chai, rudi wiki ijayo.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kubwa kuliko yote ni kugeuza jumuiya kuwa benki. Inaanza vizuri: mtu anakopa 20,000, anarudisha na riba kidogo, wote wanafurahi. Mwaka wa pili nusu ya mikutano ni ya kudai madeni, na mjane asiye na hisa hana nafasi mezani. Pia sheria ipo. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kikundi cha kijamii kinachoweka na kukopeshana kinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Mkitaka VICOBA, anzisheni VICOBA, kwa daftari lake, usajili wake na siku yake. Mfuko wa jumuiya utoe bila kudai.

Kosa la pili ni michango ya harusi kumeza kila kitu. Kamati za harusi zinajua kubana watu kwa ahadi na kadi, na mwenye aibu huahidi kuliko uwezo wake. Kubalianeni kwamba jumuiya hii haichangishi harusi. Anayetaka achange kwa jina lake.

Tatu, kumwachia mwanamke mmoja mwenye huruma kazi yote. Kila mtaa unaye. Anapika, anaosha mgonjwa, anasahau nyumba yake, na akichoka jumuiya inakufa naye. Mwekeeni mapumziko hata kama hajaomba.

Nne, kuombea jambo ambalo lingetatuliwa jioni ileile. Ombeni, ndiyo, kisha mmoja aende dukani.

KALENDA YA SHIDA

Shida za Mbeya zina majira, kwa hiyo zinaweza kupangwa. Elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali haina ada, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita, lakini Januari bado kuna sare, viatu, daftari na michango mingine; anzeni kutenga Oktoba. Januari hadi Machi, mvua ikiwa imekolea na mahindi mapya hayajakauka, ghala nyingi zimekwisha na bei imepanda. Hapo kapu liwe zito kuliko miezi yote. Juni na Julai tafuteni blanketi na masweta ya wazee na watoto wachanga. Novemba, mvua zinapoanza, nyumba yenye shamba dogo inahitaji mbegu na mbolea wakati uleule fedha haipo. Kilo chache za mbegu kwa wakati wake zinaokoa kapu la mwaka unaofuata.

Bima ya afya iingie kwenye kalenda yenu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na taratibu za kujiunga zinaendelea kubadilika, hivyo mgawaji mmoja aulize zahanati au ofisi ya kata bei na masharti ya sasa. Kulipia kaya moja ya bibi na wajukuu kabla hawajaugua kunaweza kugharimu kidogo kuliko mchango wa usiku wa dharura. Vilevile msiache kaya inayostahili msaada wa TASAF au wa ustawi wa jamii bila kuipeleka kwa mtendaji wa mtaa. Jumuiya ijaze pale serikali isipofika, isichukue nafasi yake.

MAMBO MAZITO KULIKO JUMUIYA

Mtoto anayepigwa, anayefichwa au anayenajisiwa si jambo la kusuluhishwa kwa kikao na maombi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hata mtuhumiwa akiwa mzee wa jumuiya. Hasa akiwa mzee wa jumuiya.

Orodha ya wajane, wagonjwa na yatima ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda habari za mtu, na hata isingekuwepo sheria, mtu aliyekuamini na njaa yake anastahili kufichiwa. Daftari la majina likae mbali na daftari la fedha.

MIEZI MITATU YA KWANZA

Wiki ya 1: Chora eneo. Zungumza na watu wawili tu unaowaamini, mmoja wao mpangaji.
Wiki ya 2: Waarifu viongozi wa makanisa yanayohusika, na mwenyekiti wa mtaa.
Wiki ya 3 na 4: Ziara za wawili wawili, maswali matano.
Wiki ya 4: Meza ya kwanza. Someni Matendo sura ya sita, msijadili fedha.
Wiki ya 6: Meza ya pili. Someni kanuni za kuamua, zirekebisheni pamoja.
Wiki ya 8: Kapu linaanza. Chagueni wagawaji.
Wiki ya 9: Mfuko unaanza, bila kiwango. Msaada wa kwanza utoke wiki hiyohiyo, hata kama ni kilo ya sukari.
Wiki ya 12: Kikao cha kwanza cha hesabu. Kila nyumba ijibu maswali matatu:

[ ] Kuna nyumba katika eneo letu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeingia mwezi huu?
[ ] Kuna mtu aliyepokea mara zote bila kuombwa kutoa chochote?
[ ] Nani hakuja mezani, na saa tuliyopanga ndiyo iliyomzuia?

Nyumba zikifika 16, chagueni nyumba nane zinazokaribiana ziende na daftari jipya, kapu jipya, na mgawaji mmoja mwenye uzoefu.